HABASODA NI NEEMA, LAKINI VIDONGE VYA SUKARI USIVITUPE

Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Allah (S.W) aliyetuumba, akatupa afya na akatuwekea shifaa katika mimea yake. Wiki hii tuzungumzie kitu ambacho karibu kila nyumba ya Kiislamu inakijua, nacho ni habasoda.

Baada ya swala ya Ijumaa utaiona imepangwa kwenye meza nje ya misikiti mingi, pembeni ya misuwaki, tasbihi na manukato. Zamani ilikuwa mbegu nyeusi tu, unafungiwa kwenye karatasi unakwenda zako nyumbani. Siku hizi imekuja kwa sura nyingine: chupa ya vidonge yenye lebo ya kung'aa, imeandikwa kuwa ni "antioksidanti asilia", na chini yake orodha ndefu ya maradhi: sukari, presha, saratani, figo, ini, ugumba, nguvu za kiume. Wengine huthubutu hata kutaja Ukimwi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: je, dawa hii inafanya kazi? Nitalijibu. Lakini kabla ya hapo nataka nisimulie jambo moja, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

MZEE WA SAFU YA MBELE

Yupo mzee mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi, mtu wa safu ya mbele msikitini, asiyekosa Alfajiri. Anaumwa sukari. Siku moja aliletwa na kijana wake, amefungwa kitambaa mguuni. Nilipokifungua, kidole gumba kilikuwa cheusi na kinanuka. Tukapima sukari, mashine ikasoma 24.6. Msomaji anayeumwa maradhi haya anaelewa maana ya namba hiyo. Kwa mtu mzima mwenye sukari, kabla ya kula tunataka iwe baina ya 4 na 7.

Nikamuuliza: "Mzee wangu, vidonge unameza?" Akanyamaza. Kijana ndiye aliyejibu: "Ameviacha tangu mfungo ulipoisha. Anatumia vya habasoda."

Mzee akanitazama, akasema: "Mwanangu, wewe umesoma madrasa. Hii ni dawa ya Mtume. Nitaiachaje, nishike ya kizungu?"

Kidole kile kilikatwa. Mguu, alhamdulillah, ulisalimika.

Sasa niseme na kosa langu, maana si haki kumlaumu muuzaji peke yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mzee huyu huyu aliniuliza kliniki kama anaweza kutumia habasoda pamoja na vidonge vyake. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu kwa mkato, "Mzee, achana na mambo hayo," nikaita mgonjwa mwingine. Hakuniuliza tena. Alikwenda kumuuliza yule aliyekuwa na muda wa kumsikiliza, naye alikuwa muuzaji. Laiti ningempa dakika tano siku ile, nadhani kidole chake angekuwa nacho hadi leo. Makala hii ndiyo zile dakika tano.

HADITHI NA MANENO YA WANAZUONI

Katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w) alifahamisha kwamba ndani ya habasoda mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Muislamu hana shaka na hadithi sahihi, na mimi sikuja hapa kuitilia shaka. Swali ni namna ya kuifahamu.

Wanazuoni wetu walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya kuja kwa hospitali hizi. Imamu Al-Khattabi alieleza kuwa tamko hili ni la jumla lakini linakusudia mambo maalumu, yaani maradhi yale yanayonasibiana na tabia ya mbegu hii, na Ibn Hajar ameitaja kauli hiyo katika sherehe yake ya Bukhari. Wapo pia waliolichukua tamko kwa ujumla wake. Ikhtilafu hiyo ipo na ni ya wanazuoni, si ya watu wa mitaani.

Lakini jambo moja halina ikhtilafu: hadithi haikusema kwamba anayetumia habasoda aache tiba nyingine. Mtume (s.a.w) mwenyewe aliusia asali, akausia kuumika, akafundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Sahaba Saad bin Abi Waqqas (r.a) alipougua kifua, pamoja na kupewa maelekezo ya tende za ajwa, alielekezwa aende kwa Al-Harith bin Kalada, aliyekuwa tabibu wa Thaqif. Tazama, ndugu msomaji: Mtume wa Allah yupo, dua ipo, tende ipo, na bado mgonjwa anaelekezwa kwa mwenye ujuzi wa tiba.

Kwa hiyo anayekuambia kuwa kumeza kidonge cha hospitali ni upungufu wa imani, muulize ameitoa wapi.

HII "ANTIOKSIDANTI" NI KITU GANI?

Neno hili linatumika sana kwenye lebo, na wengi wanalinunua bila kulijua. Kata bilinganya au parachichi, liache mezani. Baada ya muda kidogo linageuka jeusi. Hewa ya oksijeni imegusana na vitu vilivyomo ndani ya tunda na kuviharibu. Msumari ulioachwa kwenye unyevu nao unashika kutu kwa sababu inayofanana na hiyo. Sasa kamulia ndimu juu ya parachichi jingine: litachelewa kugeuka. Ile ndimu imefanya kazi ya antioksidanti, yaani kuzuia uharibifu unaoletwa na oksijeni.

Ndani ya mwili wetu uharibifu wa namna hii unatokea kila siku tunapopumua na kuchoma chakula, na unaongezeka kwa moshi wa sigara, kwa maradhi ya muda mrefu na kwa sukari isiyodhibitiwa. Allah (S.W) ameuwekea mwili kinga zake wenyewe, na akatuwekea nyingine katika vyakula. Habasoda nayo imo. Mafuta yake yana kiini kiitwacho thaimokwinoni, ambacho maabara zimekichunguza sana na kukiona kina nguvu hiyo ya kuzuia uharibifu na kupunguza uvimbe wa ndani. Hilo ni kweli.

Lakini kati ya maabara na mgonjwa pana safari ndefu. Kitu kinaweza kuua chembe za saratani kwenye kichupa cha kioo na kisimsaidie kitu mwenye saratani. Hata chumvi na sabuni huua chembe hizo kwenye kichupa. Kwa hiyo ukisikia "utafiti umethibitisha", uliza: umethibitishwa wapi, kwa panya au kwa binadamu? Kwa watu wangapi? Na je, walikuwa wameacha dawa zao?

UTAFITI WA AL-KHOBAR

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo letu. Mwaka 2010 watafiti wa Saudi Arabia, kule Al-Khobar, walichapisha utafiti wa wagonjwa 94 wa sukari ya ukubwani. Waligawanywa makundi matatu, wakapewa vidonge vya habasoda: gramu 1, 2 au 3 kwa siku, kwa miezi mitatu. Waliopewa gramu 2 sukari yao ilishuka vizuri, ile ya asubuhi kabla ya kula na hata kile kipimo kinachoonesha wastani wa miezi mitatu. Waliopewa gramu 3 hawakupata faida ya ziada. Tangu hapo zimefanyika tafiti nyingine ndogo ndogo katika nchi mbalimbali, na kwa jumla zinaonesha kuwa habasoda husaidia kushusha kidogo sukari, mafuta ya damu na presha.

Muuzaji atakusomea habari hiyo hapo na kufunga ukurasa. Asichokusomea ni kwamba wagonjwa wale wa Al-Khobar waliendelea kumeza dawa zao za sukari. Habasoda iliongezwa juu ya dawa. Haikuwekwa mahali pa dawa. Mzee wangu alifanya kinyume chake, akadhani anafuata utafiti na anafuata sunna kwa pamoja.

Na tusidhani kuwa "dawa ya kizungu" na mti wa shamba ni maadui. Metformini, kidonge ambacho mzee alikiacha, asili yake ilitokana na uchunguzi wa mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya zamani. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Dawa ya mseto tunayowapa watoto wenye malaria ina kiini kilichotoka katika pakanga ya Kichina, na Bibi Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, akiwa ameongozwa na kitabu cha tiba cha kale cha nchi yake. Kilichofanyika ni mmea kuchunguzwa, kiini kikajulikana, kipimo kikawekwa, madhara yakafahamika. Hiyo ndiyo heshima ambayo habasoda nayo inastahiki kupewa.

WINGI SI DAWA

Wapo wanaosema: "Kama ni ya asili, hata ukizidisha haidhuru." Kauli hii imekwisha kugharimu maisha ya watu.

Zamani madaktari waliona kuwa wanaokula mboga na matunda mengi hawapati sana saratani ya mapafu. Wakafikiri ni kwa sababu ya beta-karotini, ile rangi ya karoti na embe, ambayo nayo ni antioksidanti. Finland wakawachukua wanaume wavuta sigara 29,133, baadhi wakapewa kidonge cha beta-karotini kila siku. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini ndio walioonekana kuugua saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nako utafiti kama huo wa watu 18,314 ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa kuwa wanaomeza vidonge walikuwa wanaugua zaidi kwa asilimia 28.

Karoti haikumdhuru mtu. Embe halikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni kukitoa kitu kimoja ndani ya chakula, kukikusanya kwa wingi ndani ya kidonge, na kuwapa watu ambao miili yao tayari imeshambuliwa na moshi. Sisemi kwamba habasoda inaleta saratani, hapana. Ninasema neno "antioksidanti" kwenye lebo si hati ya usalama.

NI NINI KILICHOMO NDANI YA CHUPA?

Hili linanitisha kuliko yote. Mbegu ya habasoda unaiona kwa macho, unainusa, unaitafuna. Ndani ya kidonge huoni kitu. Mwaka 2008 kule Singapore, katika muda wa miezi mitano hivi, watu 150 wasiokuwa na ugonjwa wa sukari walilazwa kwa sababu sukari yao ilikuwa imeporomoka vibaya. Wanne walifariki. Ilipochunguzwa, ikabainika kuwa bidhaa walizotumia kwa ajili ya nguvu za kiume, baadhi yake zikiuzwa kwa jina la dawa za mitishamba, zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi, dawa kali ya hospitali ya kushusha sukari.

Mtume (s.a.w) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini yake limelowa. Akamkemea yule mfanyabiashara kwa kuficha, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Kama nafaka iliyolowa ilikemewa hivyo, vipi kuhusu kidonge kinachomeza uhai wa mtu?

Na unyevu wenyewe si jambo dogo. Mbegu na unga vikihifadhiwa vibaya huota kuvu, na kuvu hutoa sumu. Tunakumbuka mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walivyofariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Habasoda iliyosagwa miezi mingi iliyopita ikakaa kwenye mfuko juani mlangoni mwa msikiti haina usalama wa kuaminiwa. Hata ule mafuta wake mzuri huchacha ukigusana na hewa na jua.

NENO KWA KAMATI ZA MISIKITI

Hapa natoa rai yangu, na atakayenipinga ana haki hiyo. Muuzaji anayeweka meza barabarani anaaminiwa kwa kiasi cha barabarani. Anayeweka meza mlangoni mwa nyumba ya Allah anaaminiwa kwa amana ya nyumba ile. Wazee wetu hawaulizi lebo. Wanasema, "Nimenunua msikitini." Kwa hiyo kamati ya msikiti haiwezi kusema haihusiki.

Hapa Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Imamu na kamati wamuulize kila anayetaka kuuza dawa uwanjani kwao: umesajiliwa? Dawa yako imesajiliwa? Asiye na jibu auze misuwaki na kanzu, vina baraka na havina hatari. Na yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa za sukari, presha, kifua kikuu, kifafa au za kufubaza virusi vya Ukimwi, aondolewe siku hiyo hiyo. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kuwa anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu ni mdhamini, yaani anabeba dhima ya madhara atakayosababisha. Sheria yetu ya dini iliweka jambo hili zamani. Sisi ndio tuliolisahau.

Na kwa wenzangu wa sekta ya afya: tuache kuwacheka wagonjwa. Mgonjwa akicheka nawe atakwambia anachotumia. Ukimcheka atakificha, na dawa iliyofichwa ndiyo inayodhuru.

UTUMIEJE HABASODA?

Kwa anayetaka kuitumia, haya yamfae insha-Allah:

1. Nunua mbegu nzima, kavu, isiyo na harufu ya uvundo. Ipepete, iondoe mchanga, ihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko mbali na jua. Saga ya siku chache tu.

2. Kiasi kilichotumika katika tafiti ni gramu 1 hadi 3 kwa siku, yaani karibu na kijiko kimoja kidogo cha chai. Usizidishe.

3. Ukiwa na sukari, usichanganye na asali ukidhani asali haihesabiwi. Asali ni shifaa na pia ni sukari. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

4. Kama unameza dawa za sukari au presha, mwambie tabibu wako na upime mara kwa mara, maana habasoda inaweza kuongeza nguvu ya dawa. Ukitokwa jasho, ukatetemeka na kuona kizunguzungu, sukari huenda imeshuka: kunywa kitu kitamu haraka, kisha uende hospitali.

5. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na anayesubiri upasuaji, asitumie bila ushauri. Mama mjamzito, kidogo kwenye mkate si tatizo, lakini asiitumie kwa kipimo cha dawa.

6. Usiache dawa yoyote ya hospitali kwa sababu unajisikia nafuu. Anayeweza kukupunguzia ni yule anayekupima.

Na kama unachotaka ni antioksidanti, basi sokoni ziko tele. Pera moja lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa la uzito ule ule. Mchicha, matembele, kisamvu, nyanya, embe na choya vyote vimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku. Fedha ya chupa moja ya vidonge vya kung'aa, mara nyingi inatosha mboga na matunda ya familia kwa siku nyingi.

Mzee wangu yupo, anaswali kwa kiti sasa, bado safu ya mbele. Asubuhi anameza metformini yake, kisha anatafuna habasoda yake kidogo, na kila mwezi anakuja kupima. Juzi aliniambia: "Mwanangu, kumbe ngamia nilimwachia Mungu bila kumfunga." Nikamwambia: "Mzee wangu, na mimi niliyekuwa na kamba nilikuwa sikukupa."

Allah (S.W) awaponye wagonjwa wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.